Injini ya Baba Ntumba

Jirani yangu wa sasa ana jenereta ndogo ambayo huijaza petroli kwa chupa ya maji, na kila mara humwagika kidogo kwenye saruji. Wanawake wengine wa mtaani hufunga madirisha. Mimi hufungua langu. Najua mtu mzima hapaswi kupenda harufu ya petroli, na sijapata daktari wa kunisifu kwa hilo, lakini kwangu hiyo ni harufu ya kulala usingizi mzito. Kuna msimu mzima nililala nayo chumba kimoja, kichwa changu hapa, tangi jekundu pale, katikati mkeka. Ninyi mliokulia Likasi miaka ile mtanielewa upesi. Kila kitu cha thamani kililala ndani na watu. Baiskeli ililala ndani, mbuzi alilala ndani, na wenye kuku walimjua jogoo wao kwa namna anavyokohoa.

Tulikaa mtaa wa Panda, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Baba alikuwa fundi wa kukereza vyuma kwenye karakana. King'ora cha kazi kilikuwa bado kinalia asubuhi, na baba alikuwa bado anaondoka na kopo lake la chakula, ila mshahara ulikuwa umeacha kuja, na unga wa mgao ulikuja ulipopenda wenyewe. Walimu walikuwa wamechoka kufundisha bure, wamekaa kwao. Sisi watoto tuliona ni likizo ndefu tu, na tukawashukuru.

Upande wa pili wa ua wetu alikaa Baba Ntumba, karani wa bohari. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi ya mgodi. Baba Ntumba mwenyewe alizaliwa Likasi, hospitali ile ile niliyozaliwa mimi. Yeye na baba waliimba sauti nzito katika kwaya ya parokia, bega kwa bega, na mama alisema wakikosana hao wawili misa itabaki na wanawake peke yao. Ntumba, binti yake, alikuwa rika langu. Kwa kuruka kamba naye nilijifunza Chiluba, lugha ya kwao, cha kutosha kutukana na kuomba msamaha.

Baba Ntumba alikuwa na injini ya mtumbwi, kitu ambacho mtaani kwetu, mbali na maji, kilikuwa cha ajabu kama meli. Kila alipopata likizo aliipeleka ziwani Mwadingusha akavua na kuuza samaki. Siku nyingine ililala barazani kwake, na Jumamosi aliifunga kwenye nusu pipa iliyojaa maji ili kuijaribu. Watoto wa mstari mzima wa nyumba tulikusanyika. Alibonyeza pampu ya mpira, yenye umbo la limau kubwa, mpaka ikawa ngumu, akavuta kamba, na kila alipovuta aliisemesha injini kwa Chiluba. "Tuyayi," aliiambia, yaani twende. Nayo ikawaka, maji ya pipa yakaruka, tukakimbia tukipiga kelele. Nami nikahitimisha jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: kwamba ile injini inajua Chiluba, na ndiyo lugha yake ya pekee.

Kisha wakubwa wa mkoa wetu wakawaambia watu wa Kasai warudi kwao. Sitaki kusema mengi hapa, maana wenye umri wangu mliona, na wasioona wataulizia. Nitasema tu kwamba wengi wao huko "kwao" hawakuwahi kufika hata kwa matembezi. Jioni moja Ntumba aliniambia wanahamia stesheni kungoja treni, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu. Nilikuwa sijawahi kupanda treni. Sikuelewa kwa nini mama yake alikuwa anakunja mapazia na huku analia.

Kesho yake Baba Ntumba alikuja uani kwetu na injini begani na tangi mkononi. Hakuweza kuondoka nayo. Stesheni watu waliporwa hata masufuria. Alitaka unga kwa ajili ya safari. Baba alikuwa na magunia mawili, akiba yetu yote, na alisema atampa unga bila kuchukua kitu. Mwenzake akakataa. Alisema hataki kuondoka Likasi kama muombaji. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa anapima unga kila siku kwa kikombe, alisimama mlangoni akawatazama, kisha akaingia ndani akaanza kusukuma gunia la kwanza. Hivyo ndivyo alivyosema ndiyo.

Pale uani Baba Ntumba alimwonyesha baba yote: kiasi cha mafuta ya kuchanganya kwenye petroli, kijiti cha kuvuta injini ikiwa baridi, namna ya kufungua plagi, ambayo kwetu tuliita buji, na kuikausha. Injini ilishika kwenye mvuto wa pili. Walipeana mikono, wakakumbatiana, na baba akabeba gunia moja mpaka stesheni, mwenzake la pili. Baada ya hapo akawa anapita huko kila akitoka kazini, na chakula kidogo, na habari za kwaya.

Lakini gunia likiisha nyumbani halisikilizi habari za urafiki. Baba aliomba ruhusa kazini, wakampa bila kuuliza maana hawakuwa na cha kumlipa, na tukahamia ziwani, baba, mama, mimi na mdogo wangu wa kiume, tukaazima kibanda, mtumbwi na nyavu. Ziwa lile ni mto Lufira uliozuiwa na bwawa la umeme, lina matete mengi na vichwa vya miti iliyokufa majini. Wavuvi wa makasia walivua karibu na matete, wakapata samaki wadogo wadogo. Mwenye injini angeweza kwenda mbali na kurudi kabla ya upepo. Ndipo tumaini letu lilipokuwa: injini ikiwaka, tutakula na kuuza, isipowaka, tumegawa chakula chetu chote kwa chuma.

Haikuwaka. Niseme vizuri: iliwaka ilipotaka. Asubuhi baba alivuta kamba mpaka jasho likamtoka, ikashika, ikawapeleka yeye na mama hadi nje ya matete, ikakohoa, ikazima. Hapo ndipo ilipokuwa haiwashiki tena. Alibonyeza ile pampu ya mpira, nayo ilikuwa imenywea, imebonyea pande zote kama mashavu ya bibi asiye na meno, wala haikurudi. Baba alitikisa tangi, akasikia petroli ikicheza ndani, akajua mafuta yapo. Kufungua kifuniko katikati ya jua hakuthubutu. Petroli tuliinunua kwa chupa barabarani, na kila mtu alijua kwamba ukiiacha wazi inaruka hewani.

Baba hakuwa mtu wa kuipiga mashine teke. Aliketi mbele ya kibanda, akatandaza shuka kuukuu, akaanza. Buji alizitoa, akazifuta, akazichoma kidogo motoni, akazirudisha. Akachomoa mpira wa petroli kwenye tangi ili isimwagike, akafungua kabureta, akapuliza vile vitundu kwa mdomo mpaka midomo ikababuka, akavipenyeza uzi mmoja wa waya alioutoa kwenye kebo. Alikuta uchafu kidogo, kama unga wa kutu. Alipofunga kila kitu na kurudisha mpira, injini ikawaka vizuri sana, na sote tukashangilia. Kesho yake nje ya matete ikazima tena. Akafungua tena, akapuliza tena, ikawaka tena. Kwa hiyo akashawishika kabisa kwamba ugonjwa uko kwenye kabureta, kwamba tumbo la injini limeoza kutu, na kwamba aliyeiuza alijua.

Neno hilo la mwisho hakulianzisha yeye. Kulikuwa na mvuvi jirani, mtu mcheshi, aliyetuletea samaki mara nyingi bila kuombwa, na siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Alikuja akachuchumaa karibu na shuka, akatazama vipande vya injini, akacheka. "Bale bantu njo vile," alisema. "Anakupatia maiti, anakamata bunga, anaenda kukucheka mu treni." Baba alimwambia anyamaze. Ila niliona kwamba safari iliyofuata hakumwambia anyamaze, na safari iliyofuata hiyo alitikisa kichwa, kama mtu anayekubali hesabu asiyoipenda.

Mimi sikukubali. Nilijua tatizo, na lilinikera kwamba watu wazima hawalioni. Baba alikuwa anaivuta ile injini kimya kimya, au kwa kuisemesha Kiswahili, na mara moja nilimsikia akiitukana kwa Kibemba, lugha yake ya nyumbani. Itaelewaje? Ilikuwa imeachwa na watu wake. Ningekuwa mimi nisingewaka vilevile.

Baba alikwenda mjini kutafuta buji nyingine, akarudi na buji kuukuu na uso mgumu. Mama alikuwa anageuza samaki wachache juu ya moshi. Alimuuliza kama alipita stesheni. Baba akasema hapana.

"Kuuliza si ujinga," mama akasema. "Si ye njo anaijua hii moteur?"

"Nikamuulize nini? Aniongezee bongo ingine?"

Kwetu bongo ni uongo. Baba alikwenda mjini mara nyingine pia, kuuza hao samaki wa moshi, na hata safari hiyo hakupita. Njia ya kutoka kituo cha malori hadi kwetu Panda ilipita karibu na stesheni. Ili usipite lazima uzunguke. Alizunguka. Nilikuwa mdogo, lakini niliona namna jina la Baba Ntumba lilivyotoka kinywani mwake. Zamani hadithi zake zote zilianza nalo. Sasa hata wimbo wa kwaya hakuuimba akitengeneza nyavu, labda kwa sababu sauti ya pili haikuwapo, labda kwa sababu ilikuwapo kichwani mwake.

Siku niliyoingia mtumbwini mimi ilikuwa asubuhi ya utulivu, maji yamelala. Mama alikuwa na homa, kwa hiyo nilipewa kopo la kukumba maji chini ya mtumbwi. Injini ikashika baada ya kazi kubwa. Tukapita matete, tukapita miti iliyokufa yenye ndege weusi, na nilikuwa sijawahi kwenda mbali hivyo. Nilifurahi mno. Kisha ikakohoa, ikazima, na kukawa kimya kiasi kwamba nilisikia ndege wakijikuna.

Baba alivuta, akapumzika, akavuta. Aliikanyaga ile pampu ya mpira, ikabaki imenywea. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Mwisho akaketi kwenye ubao, mgongo kwa injini, akasema kama anayeyaambia maji, "Baba Ntumba, weye ulinicheka kweli." Hakusema kwa hasira. Alisema kwa uchungu, kama mtu aliyefiwa, na mimi nikaogopa. Nilimpenda Baba Ntumba. Niliona kwamba baba akimaliza kuliamini jambo hilo, Ntumba hatakuwa rafiki yangu tena, hata wakirudi.

Basi nikapiga magoti mbele ya tangi. Nilitaka kuisemesha injini kwa lugha yake, na nilijua, kwa akili zangu, kwamba lazima sauti iingie tumboni penye petroli ndipo isikike. Kifuniko kikubwa kilikuwa kimekazwa, sikukiweza. Lakini juu yake palikuwa na kiparafujo kidogo cha kuzungusha kwa vidole. Nacho kilikazwa. Nilikishika kwa pindo la gauni langu, nikakizungusha.

Tangi likavuta pumzi. Sijui nisemeje vinginevyo. Lilivuta hewa ndani kwa sauti ndefu nyembamba, fyuuu, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nangoja jibu, nililichukua kuwa jibu. Niliinama hadi midomo ikagusa chuma. "Tuyayi," nikaiambia. "Tuyayi, tafadhali."

Baba aligeuka kwa sababu ya ile sauti. Hakuniangalia mimi. Alikuwa anaangalia pampu ya mpira, ambayo ilikuwa inajijaza polepole yenyewe, ikirudi kuwa limau. Alisogea, akaibonyeza, ikawa ngumu. Akaangalia kiparafujo. Akakifunga, akakifungua, akakiacha wazi. Kisha akavuta kamba mara moja tu, na injini ikawaka kama Jumamosi ndani ya pipa.

Nilipiga makofi. Nilimwambia, "Unaona, inasikia Chiluba!" Baba hakucheka wala hakunisahihisha. Aliendesha mpaka nyavuni, tukazitoa, zilikuwa zimejaa samaki wakubwa tusiowahi kuwapata, na injini haikuzima hata mara moja, kwenda wala kurudi. Watu wazima wawili wenye sauti nzito wangeimba safari ile. Yeye alikaa ameshika usukani, uso wake ukiwa umekunjamana.

Ufukweni mama alikuja amejifunga blanketi, akaona samaki, akafurahi. Baba alitua tangi mbele yake, akamwonyesha kiparafujo. Alimuuliza nani hukikaza.

"Ni miye," mama akasema. "Kila mangaribi. Batoto balikuwa banaumwa kichwa na ile harufu. Na petroli iko inaruka."

Alikuwa na haki yake. Pale barazani kwa Baba Ntumba tangi lililala nje, limeachwa wazi miaka yote, hakuna aliyekigusa kiparafujo, na kitu kisichoguswa hakuna anayekumbuka kukieleza. Kwetu lililala karibu na vichwa vya watoto. Mama aliona kitu kimelegea, akakikaza, kama anavyokaza kifuniko cha chungu. Injini ikanywa, tangi likakosa hewa ya kujazia pengo, mwisho petroli ikashindwa kutoka. Na kila baba alipochomoa mpira ili asafishe kabureta, hewa ilipenya kwa mlango huo, injini ikapona kidogo, naye akaisifu kabureta na kumlaani rafiki yake. Tulikuwa tumemtafuta mwizi mbali, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Haya nayaeleza sasa. Siku ile baba alieleza kwa maneno machache zaidi. Alimwambia mama, "Haikuwa ye. Ilikuwa siye." Halafu akachagua samaki wazuri, akawapanga kwenye kapu, akafunika kwa majani, na mama akaongeza wale wa moshi aliokuwa amewaficha kwa ajili ya kuuza. Baba aliuliza kama nataka kumwona Ntumba. Lori la samaki lilikuwa linaondoka.

Njiani nilijizoeza namna nitakavyomwambia Ntumba: kwamba injini yao haijawasahau, kwamba nimeisemesha na imenijibu. Baba naye midomo yake ilikuwa inacheza. Nadhani sote wawili tulikuwa tunapanga maneno.

Stesheni palikuwa pamejaa watu kuliko sokoni, nao walikuwa wametulia kuliko kanisani. Maturubai, mapipa, vitanda vilivyosimamishwa kuwa kuta, watoto wanaochezea reli. Baba alijua njia. Tulipita hadi pembeni mwa ghala, mahali ambapo Mama Ntumba alikuwa ametundika pazia lake la maua, lile alilolikunja siku ile akilia. Pazia halikuwapo. Palikuwa na turubai jingine, na mama mmoja mwenye watoto mapacha anasonga bukari, ugali wetu, kwenye moto mdogo. Baba alimsalimia kwa heshima, akauliza. Mama wa mapacha akasema treni ilikuja, ikawachukua, Baba Ntumba, mkewe na watoto, wiki iliyopita.

Kisha akamtazama baba vizuri, mikono yake na kapu lake la samaki.

"Ni weye njo Baba Ngosa? Wa ku moteur?"

Ngosa ni mimi. Baba akasema ndiye.

"Alikuwa anakuuliza kila siku," akasema. "Muntu yeyote wa Panda akipita, alimuuliza weye. Alituachia neno: kama unakuya, tukuambie ufungule kale kavisi ka pa kifuniko. Alisahau kukuonyesha. Alihangaika sana, akasema, sasa rafiki yangu atazania nilimwibia."

Baba alisema kwa sauti ndogo kwamba amekwisha kukiona kile kiparafujo. Mama wa mapacha alizungusha mwiko, akapiga bukari mgongoni ili kuiweka sawa. Hakuwa anamgombeza, alikuwa anasema tu jambo lilivyo.

"Kama ungekuya, ungejua."

Baba aliweka kapu chini karibu na moto wake, akamwambia ni la kwao. Alibaki amesimama pale penye nafasi ya rafiki yake, hajui aende wapi, mpaka yule mama akamsogezea kigoda chake mwenyewe. Akaketi. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia, hata kwenye msiba wa mama yake. Alilia pale, mbele ya watu aliokuwa ameacha kuwatembelea, nao wakageukia masufuria yao wote, wakaendelea kupika, ili asione haya.